LIMEJULIKANAJE? Kufundisha Ziwa la Kale la Olduvai kwa Jiwe la Kendwa

Katika masomo ya historia na jiografia ya shule za msingi yamo maelezo ambayo mwanafunzi huyakariri bila kupata nafasi ya kuyahakikisha. Mojawapo ni hili: kwamba zamani sana, pale palipo leo Korongo la Olduvai katika eneo la Ngorongoro, palikuwa na ziwa, na kwamba viumbe wa jamii ya binadamu waliishi kandokando yake. Maelezo hayo ni ya kweli. Lakini mwalimu akiyaandika ubaoni na kuyafuta, basi, atakuwa amempa mtoto jambo la kuamini tu. Mtoto mwenye akili atauliza: ikiwa ziwa lenyewe halipo, na hayupo aliyeliona, limejulikanaje? Mwalimu asiyeweza kulijibu swali hilo aghalabu humnyamazisha muulizaji. Na mtoto aliyenyamazishwa mara tatu hathubutu kuuliza mara ya nne.

Makala haya yanakusudia kumwandaa mwalimu mwanafunzi alijibu swali hilo kwa vitendo. Jibu lenyewe limo katika kemia ya miamba ya mashapo, yaani miamba iliyofanyika kwa matope, mchanga, chokaa na chumvi zilizotua chini ya maji, zikalaliana tabaka juu ya tabaka, hata zikawa mawe. Tutaonesha kwamba misingi ya elimu hiyo yaweza kufundishwa katika Darasa la Tano au la Sita bila ya maabara.

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyepangiwa kijiji cha Kendwa, kaskazini-magharibi ya Unguja, jirani ya Nungwi. Kwa kutazama haraka, mwalimu huyu yu mbali na somo lake. Unguja haina volkano wala ziwa la magadi, na jiwe lililo chini ya nyayo za watoto wake ni la bahari. Hata hivyo, ndimu, manjano, magadi na sufuria anavyo. Na jiwe hilo la bahari litamfaa kuliko anavyodhani, kwa kuwa mtu hulitambua jambo vizuri zaidi anapokuwa na jingine la kulilinganisha nalo.

Tena watoto wa Unguja wana nasaba na Olduvai kwa jina. Fuvu lililogunduliwa na Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959 lilipewa na mumewe, Louis Leakey, jina la Zinjanthropus, yaani mtu wa Zinj. Na Zinj ni jina ambalo Waarabu wa kale waliliita eneo letu la pwani ya Afrika Mashariki. Mwalimu aweza kulianza somo kwa kuwaonesha watoto kwamba jina la visiwa vyao nalo hunasibishwa na neno hilo hilo.

1. Hatua ya kwanza: jiwe la kijijini

Mwalimu awapeleke wanafunzi kwenye maweni, wakaokote vipande vya jiwe lililovunjika. Wavitazame kwa makini kabla ya kuambiwa lolote. Katika vipande vingi wataona alama kama nyota ndogo, vijitundu vilivyopangika, na maganda ya kombe. Hayo ni matumbawe na viumbe wengine wa bahari ya kale, ambayo wakati fulani ilikuwa juu kuliko ilivyo leo.

Kisha wapondeponde kipande kimoja kipate kuwa unga, wautie katika kisahani, na waukamulie ndimu. Unga utatoa povu. Yafaa kutumia unga, kwani jiwe zima hutoa povu kwa uvivu na watoto waweza kudhani kuwa hakuna kilichotokea. Mwalimu aeleze: jiwe hili ni chokaa, yaani kalsiamu iliyoungana na kaboneti, asidi ya ndimu huifukuza kaboneti hiyo, nayo hutoka ikiwa hewa ya kaboni dayoksaidi.

Sasa mwalimu achukue magadi ya kupikia, ayakamulie ndimu vivyo hivyo. Nayo yatatoa povu. Hapa ndipo somo linapoanza kwa hakika. Mwalimu aulize: je, jiwe la Kendwa na magadi ni kitu kimoja? Awaache wabishane kidogo, kisha awape bilauri mbili za maji. Katika moja watie unga wa jiwe, katika nyingine magadi, wakoroge. Magadi yatayeyuka, unga wa jiwe utatua chini. Povu ilishuhudia kwamba vyote viwili vina kaboneti. Haikuweza kusema zaidi ya hapo. Ilihitajika dalili ya pili ili kuvitenganisha.

Wanafunzi waiandike kanuni hii katika madaftari yao, kwa maana itarudi katika kila hatua: dalili moja yaweza kuwa na sababu zaidi ya moja.

2. Hatua ya pili: vikombe vitatu

Mwalimu aroweke vipande vya karatasi nyeupe katika maji ya manjano, ile iliyo kiungo cha mchuzi, kisha avikaushe kivulini. Atayarishe vikombe vitatu. Cha kwanza kiwe na maji ya mvua. Cha pili maji ya bahari kutoka ufukwe wa Kendwa. Cha tatu maji ya mvua yaliyokorogwa na kijiko kimoja cha magadi. Wanafunzi wachovye karatasi katika kila kikombe.

Katika kikombe cha kwanza na cha pili karatasi itabaki na rangi yake. Katika cha tatu itageuka nyekundu ya udongo. Manjano hubadilika rangi ikikutana na alkali kali, na magadi ni alkali kali. Wataalamu huyapima mambo haya kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho 7 ni katikati. Chini yake ni upande wa asidi na juu yake ni upande wa alkali. Maji ya bahari huwa karibu 8.1, ilhali maji ya Ziwa Natron, mpakani mwa Tanzania na Kenya, yaweza kupita 10.

Baadaye watie matone machache ya kila kikombe katika sahani yenye rangi nyeusi, waiweke juani. Maji ya mvua yatakauka bila kuacha kitu cha kuonekana. Maji ya bahari na maji ya magadi yote mawili yataacha weupe. Kwa hiyo kukolea kwa chumvi ni jambo moja, na ukali wa alkali ni jambo jingine. Maji ya bahari yamekolea chumvi, lakini si makali kwa alkali. Maji ya Ziwa Natron yana sifa zote mbili. Mwanafunzi atakayelishika jambo hili ataelewa kwa nini haitoshi kusema kwamba ziwa la kale lilikuwa na maji ya chumvi.

Tahadhari: magadi yasiingie machoni wala yasionjwe, na mikono ioshwe baada ya kazi.

3. Hatua ya tatu: utaratibu wa kukauka

Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi za namna mbalimbali. Mwalimu aichemshe lita hiyo taratibu katika sufuria, watoto wakitazama kwa mbali. Kabla hajaanza, awatake wakisie: je, chumvi zote zitatua kwa pamoja, au moja baada ya nyingine?

Jambo la kwanza kuonekana ni ukungu mweupe na chenga katika maji, wakati chumvi ya kula ingali imeyeyuka. Chokaa kidogo hutangulia. Maji yakibaki kiasi cha sehemu moja ya tano, jasi huanza kutua. Yakibaki kiasi cha sehemu moja ya kumi, ndipo chumvi ya kula inapoanza kujitenga. Kila chumvi ina kiasi chake cha kuvumilia kuyeyuka, na ile isiyovumilia sana ndiyo hutua mapema.

Kutokana na hayo, mashapo ya bahari au ziwa linalokauka huwa na mpangilio unaosomeka. Anayekuta chokaa chini, jasi katikati na chumvi juu, aweza kusema kwamba maji ya mahali hapo yalikuwa yakipungua. Akikuta mpangilio umekatizwa na matope mapya, atasema kwamba huenda maji mengine yaliingia. Matabaka husomwa kuanzia chini kwenda juu, kwa kuwa lililotangulia kutua ndilo lililo chini, isipokuwa pale ardhi ilipopinduliwa.

4. Hatua ya nne: mchezo wa kadi

Wanafunzi sasa watauliza kwa nini maji mengine hukauka yakawa chumvi na jasi kama ya bahari, na mengine yakawa magadi. Swali hili laweza kuonekana gumu, lakini lafundishika kwa mchezo.

Mwalimu awape wanafunzi 10 kadi zenye herufi K, wawe kalsiamu, na wanafunzi 15 kadi zenye herufi B, wawe kaboneti. Wanafunzi 10 wengine wapewe kadi za S, wawe sodiamu. Chumba ni ziwa. Mwalimu anapopiga kofi, maana yake jua limekausha maji kidogo. Kila K ashikane mkono na B mmoja, watoke nje wote wawili. Hao wamekuwa chokaa na wametua chini. Baada ya makofi machache K wote watakuwa wamekwisha. Watabaki B 5 pamoja na S wote. Sodiamu na kaboneti zikikolea pamoja huwa magadi.

Mchezo urudiwe, safari hii K wakiwa 15 na B wakiwa 10. Watakaokwisha mapema ni B. Kalsiamu itakayobaki itatafuta mwenzi mwingine, nayo itaungana na salfeti kufanya jasi. Maji yatakayosalia hayatakuwa ya magadi. Hii ndiyo njia ya bahari.

Kwa hiyo tabia ya ziwa linalokauka huamuliwa na swali moja: kipi kitakwisha mapema? Mito inayotoka katika miamba ya volkano ya Afrika Mashariki aghalabu huleta sodiamu na kaboneti kwa wingi kuliko kalsiamu. Ikiwa mito hiyo inaishia katika bonde lisilo na njia ya kutokea, maji hayana pa kwenda ila angani, na magadi hurundikana. Ziwa Natron na Ziwa Magadi la Kenya ni mifano iliyo hai. Darasa likifika hapa, limekwisha pata ufunguo wa Olduvai.

5. Mashahidi wa Olduvai

Mwanajiolojia Richard Hay, wa Chuo Kikuu cha California, alianza kazi yake Olduvai mwaka 1962 na kitabu chake juu ya jiolojia ya korongo hilo kilitoka mwaka 1976. Yeye na waliomfuata waligundua kwamba kwa muda mrefu, kati ya miaka milioni 2 na milioni 1.7 hivi iliyopita, palikuwa na ziwa katika bonde lisilo na njia ya kutokea maji, karibu na milima ya volkano ya Ngorongoro. Lilikuwa ziwa la chumvi na alkali, lenye kutanuka na kusinyaa. Zinjanthropus aliishi zama hizo. Kipimo cha mwaka 1961 kiliupa umri wake miaka milioni 1.75, na vipimo vya baadaye vimeusogeza kufikia karibu milioni 1.84.

Haya yamejulikana kwa mashahidi wafuatao, ambao mwalimu aweza kuwachora ubaoni mmoja mmoja.

(a) Majivu ya volkano. Volkano inapolipuka, majivu yake huanguka kwa wakati mmoja juu ya nchi kavu na juu ya ziwa. Majivu hayo yana chembe za kioo. Katika nchi kavu na katika maji baridi kioo hicho hubadilika kidogo au kwa namna nyingine. Katika maji makali ya alkali huyeyuka na kugeuka madini yaitwayo zeoliti, na pale penye maji makali kupita kiasi hugeuka felspa yenye potasiamu. Hivyo tabaka moja la majivu likifuatwa kutoka ukingoni hadi katikati ya bonde, madini yake hubadilika hatua kwa hatua, na mabadiliko hayo huwa kama ramani ya ziwa.

(b) Gumegume. Alkali kali huyeyusha silika, ambayo ndiyo mchanga mweupe na kioo. Maji ya mvua yakiingia, ukali hupungua na silika haiwezi tena kubaki imeyeyuka. Mwaka 1967 mtaalamu Hans Eugster alitoa habari za madini mapya ya sodiamu na silika aliyoyakuta katika mashapo ya Ziwa Magadi, nayo yakaitwa magadiaiti. Madini hayo yakipoteza sodiamu hugeuka gumegume. Olduvai nako kuna mabonge ya gumegume ya aina hiyo, na mwanzoni mwa Tabaka la Pili watu wa kale waliyachongea zana zao. Jiwe lililozaliwa na maji machungu ndilo lililowapa makali ya kukatia.

(c) Mfinyanzi. Mfinyanzi unaoletwa na mito huwa na alumini nyingi. Ziwa likikolea, magnesiamu iliyomo katika maji huingia katika mfinyanzi humo humo ziwani. Kwa hiyo wataalamu hupima magnesiamu kwa kuilinganisha na alumini, tabaka baada ya tabaka. Magnesiamu ikizidi, hiyo ni dalili ya miaka ya ukame. Ikipungua, ni dalili ya maji mapya.

(d) Oksijeni nyepesi na nzito. Chembe za oksijeni hazina uzito mmoja. Katika kila chembe 1,000, chembe 2 hivi ni nzito kuliko nyingine. Namna hizi za kitu kimoja zenye uzito tofauti huitwa isotopu. Jua hulipepeta ziwa kama mpepetaji apepetavyo mchele kwa ungo: chepesi huondoka kwa wingi zaidi, kizito hubaki. Chokaa inayotua katika ziwa lililopepetwa sana huwa na oksijeni nzito zaidi, na uzito huo hupimwa katika jiwe hata baada ya miaka milioni nyingi.

(e) Nta ya majani. Majani yana nta inayoyakinga, na nta hiyo hupeperushwa au kuoshwa na mvua hadi ziwani, ikahifadhika katika matope. Nyasi za nchi ya joto huchukua kaboni nzito kwa kiasi kikubwa kuliko miti. Kwa kupima nta hiyo, Clayton Magill na wenzake walieleza mwaka 2013 kwamba kandokando ya ziwa la Olduvai miti ilisonga mbele na nyasi zikairudisha nyuma mara kadhaa katika muda wa miaka 200,000 hivi. Mabadiliko hayo yalikwenda sambamba na mageuzi ya polepole ya njia ya dunia katika kulizunguka jua, ambayo hubadilisha nguvu ya mvua.

Kazi hii inaendelea. Mwaka 2014 watafiti walitoboa ardhi ya bonde la Olduvai na kuchimbua nguzo nyembamba za mashapo zenye urefu wa zaidi ya mita 600 kwa jumla, ili wasome yale yasiyoonekana katika kingo za korongo.

6. Kuwahoji mashahidi

Mwalimu asiishie katika kuorodhesha. Orodha ya mashahidi ikikaririwa haina faida kuliko lile neno "palikuwa na ziwa" tuliloanza nalo. Darasa ligawanywe makundi matano, kila kundi lipewe shahidi mmoja, na liulizwe maswali mawili: shahidi wako anasema nini? Na ni jambo gani jingine lingeweza kumfanya aseme hivyo hivyo?

Kundi la oksijeni, kwa mfano, litatakiwa kufikiri kwamba oksijeni ya ziwa yaweza kubadilika pia kwa sababu mvua yenyewe imebadilika asili yake, au joto limebadilika. Kundi la gumegume litaelezwa kwamba gumegume nyingine hufanyika baharini. Kundi la mfinyanzi litauliza kama mito haikuleta udongo kutoka mlima mwingine.

Mfano mzuri wa kuongeza ni samaki. Mifupa ya perege na kambale imepatikana Olduvai. Mtoto wa pwani atasema upesi: palipo na perege pana maji baridi, basi ziwa halikuwa la chumvi. Hoja yake ina nguvu na isidharauliwe. Lakini wako perege wa aina maalumu wanaoishi leo katika chemchemi za magadi za Ziwa Natron na Ziwa Magadi. Tena mito na chemchemi za maji baridi ziliingia katika ukingo wa ziwa la Olduvai, na yawezekana ukingoni pakawa na maji ya kunyweka, na katikati pakawa na maji makali. Kwa upande mwingine, mifupa ya heroe, ndege wanaopenda maziwa ya magadi, nayo imepatikana huko. Basi samaki na ndege hawapingani. Kila mmoja anaeleza upande wake wa ziwa.

Majivu, gumegume, mfinyanzi, oksijeni na ndege, kila kimoja peke yake chaweza kutiliwa shaka. Lakini sababu nyingine ya kila kimoja ni tofauti na ya mwenziwe. Ni vigumu sana sababu hizo tano zisizohusiana zitokee pamoja, mahali pamoja, katika matabaka yale yale. Ziwa la chumvi na alkali ndilo jibu moja linalowaridhisha mashahidi wote. Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba jambo "limejulikana" katika sayansi.

Na jiwe la Kendwa je? Wanafunzi sasa waweza kulihoji wenyewe. Linatoa povu, kama itoavyo chokaa ya ziwani. Lakini lina matumbawe, na matumbawe hayaishi katika maziwa. Nalo, kwa ushahidi wa wanafunzi wenyewe, ni la bahari.

7. Kutoka ziwa la kale hadi kisima cha leo

Mwalimu aweza kuulizwa na mzazi, au na mkaguzi, mtoto wa Kendwa atapata faida gani kwa ziwa lililokauka kabla binadamu hajajua kulima. Jibu liko kisimani.

Katika nchi ya maweni maji ya mvua hupenya upesi katika mwamba, na chini yake maji baridi hukaa juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi. Mvua ikiwa haba, au maji yakivutwa kupita kiasi, maji ya bahari hupanda. Wanakijiji husema kisima "kimeingia chumvi". Wakati mwingine husema pia maji "hayakubali sabuni". Je, hayo ni maradhi mamoja au mawili?

Wanafunzi watumie yale waliyojifunza. Wachukue maji ya visima viwili au vitatu, kiasi sawa, mwalimu ayachemshe mpaka yakauke, walinganishe masazo kwa mizani au kwa kijiko. Kisha wayakamulie ndimu. Masazo yanayotoa povu jingi yana chokaa, iliyoyeyushwa kutoka katika mwamba. Maji ya namna hiyo ndiyo yanayoacha gamba jeupe katika birika. Masazo mengi yasiyotoa povu ila kidogo yanaelekea kuwa chumvi ya bahari. Wakirudia jaribio hilo wakati wa masika na wakati wa kiangazi, na kuandika tarehe na vipimo katika daftari moja la shule, baada ya miaka michache shule itakuwa na kumbukumbu ambayo kijiji chaweza kuitumia kinapoamua kisima kipi kipumzishwe. Watakuwa wanafanya kwa kisima chao jambo lile lile lililofanywa kwa ziwa la Olduvai.

Hapa pia kanuni ya dalili moja ishikwe sana. Jaribio hili huonesha chokaa na chumvi tu. Halioneshi vijidudu vya maradhi. Mwalimu asimruhusu mwanafunzi yeyote kutangaza kwamba maji fulani ni salama kwa kuwa hayakuacha masazo.

8. Nasaha kwa mwalimu

Somo hili halitoshi kipindi kimoja. Lipangiwe vipindi vinne au vitano. Majaribio yote yafanywe na mwalimu peke yake kabla ya siku ya somo, kwani manjano ya zamani hupoteza nguvu na magadi ya dukani hutofautiana. Majina magumu kama zeoliti na magadiaiti hayana haja ya kukaririwa katika Darasa la Tano. La lazima ni hoja. Na mwanafunzi akileta maelezo tofauti na ya mwalimu, aulizwe ni dalili gani ingeweza kuyahakikisha. Akiitaja, amefaulu, hata kama maelezo yake hatimaye hayatasimama.

Maswali ya kujadiliana chuoni

1. Umekuta tabaka la chokaa lisilo na mabaki ya kiumbe chochote. Utatafuta dalili gani nyingine kabla ya kusema kwamba ni la bahari au la ziwa?
2. Kwa nini tabaka moja la majivu ya volkano lina thamani kubwa kwa mtu anayetaka kuchora ramani ya ziwa la kale?
3. Tunga mchezo mwingine, usiotumia kadi, utakaoonesha jinsi ziwa linavyopoteza oksijeni nyepesi.
4. Chagua maelezo matatu yaliyomo katika kitabu chochote cha shule ya msingi, kisha andika kwa kila moja jibu ambalo ungempa mtoto akikuuliza: limejulikanaje?